Kisu Kilichovaa Mkia

Kila akitoka shule, Ruwaida alivua sare, akala ugali uliofunikwa mezani, halafu akaenda nyuma ya nyumba kupambana na kambale. Ilikuwa kupambana kweli. Samaki wengine wana magamba, ukiwaparua wanatulia. Kambale hana magamba, ana ute. Ukimshika kichwa anakuponyoka, ukimshika mkia anakuponyoka, na hata akiwa amekufa tangu asubuhi bado anaonekana kama ana safari yake.

Mama yake, Bibie, alikaanga kambale hao na kuwauza pembeni ya mashine ya kukoboa mpunga, pale Rujewa. Familia ilihamia hapo mwanzoni mwa mwaka ikitoka Soweto, Mbeya mjini, kwa sababu baba, Makame, alipata kazi ya kuendesha mashine hiyo. Ruwaida alikuwa darasa la sita. Mbeya alikuwa na marafiki wengi na alisifika kwa kusimulia hadithi. Rujewa walimwita "wa Mbeya", wakamwachia kiti cha mwisho, na hakuna aliyemwomba hadithi yoyote.

Kazi ya kambale ilikuwa na majivu ya kumshikia, jiwe bapa la kumkatia, na kisu. Na hicho kisu ndicho kilichokuwa na shida. Kilikuwa kirefu, chuma chake kizuri, mama alikirithi kwa mama yake. Lakini mpini wake wa mti ulikuwa umesuguliwa na mikono ya miaka mingi mpaka ukang'aa kama jiwe la mtoni. Ukipata ute kidogo tu, kisu kilikuwa kinageuka mkononi. Hakidondoki. Kinageuka, taratibu, kama mtu aliyesikia ameitwa.

"Hiki kina akili zake," mama alikuwa akisema, huku akifuta mpini kwa kanga. "Kikiamka vibaya, hakishikiki."

Mama alikuwa anatania. Ruwaida alicheka, lakini mara nyingine akiwa peke yake na kisu kile, alihisi kinasubiri. Kilikuwa kinatulia wakati yeye anaogopa, na kinageuka wakati yeye amesahau.

Alhamisi moja mama ndiye aliyesahau. Alikuwa anakata kichwa cha kambale mkubwa huku akiongea na mteja. Kisu kikageuka, mkono ukateleza kutoka kwenye mpini ukaenda mpaka kwenye makali. Mama hakupiga kelele. Aliangalia tu kiganja chake, akasema "Ala," kama mtu aliyekuta mlango wazi, na damu ikaanza kudondoka juu ya jiwe.

Zahanati walimshona. Jumapili mkono ukawa umevimba, hivyo Jumatatu alfajiri akapanda gari kwenda hospitali Mbeya, akafikia kwa dada yake Soweto. Aliondoka Ruwaida akiwa amelala.

Asubuhi hiyo, kisu hakikuwepo.

Kilikuwa kinachomekwa siku zote kwenye ukuta wa jiko, palipokuwa na ufa. Ufa ulikuwepo. Ruwaida alitafuta chini ya karai, nyuma ya kuni, hata ndani ya debe la majivu.

"Mama yako atakuwa amekificha usije ukajikata," baba alisema huku akifunga viatu. Alikuwa amechelewa mashineni. "Tumia kile kidogo cha vitunguu. Na leo usinunue kambale."

Lilikuwa jibu la kawaida kabisa, na huenda lingemtosha. Lakini Ruwaida alirudi akatazama jiwe la kukatia samaki. Alikuwa amelisugua mara mbili, na bado doa la damu ya mama lilikuwepo, jeusi. Akawaza: kisu kimeonja, halafu kimeondoka.

*

Jioni za Rujewa zina moshi wake. Pumba za mpunga zinazomwagwa nyuma ya mashine huungua zenyewe ndani kwa ndani, siku baada ya siku, bila ndimi za moto. Kwa mbali unaona kilima kinapumua. Moshi ule hushuka chini, unakutana na ukungu wa mifereji ya mashamba, na mtu akipita hapo unaona kichwa na mabega tu, kama vile miguu ameiacha nyumbani.

Jioni ile adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Ruwaida alikuwa anaanua nguo aliposikia kitu upande wa pili wa ua wa matete.

Ko.

Huko aliishi Bibi Nkuba. Jina lake hasa ni Esther, lakini watu walizoea jina la marehemu mumewe. Walitoka Usukumani na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Mume alifariki, watoto wakatawanyika, mmoja ni fundi wa kuchomelea huko Ipogolo, Iringa. Bibi alibaki na ng'ombe wachache na jiko lake la pumba, lililomfanya awe na macho mekundu siku zote. Aliongea kidogo. Watoto wa mtaani walipita kwake wakikimbia, na Ruwaida alijifunza kukimbia kama wao bila kuuliza kwa nini.

Ko.

Ruwaida akasogea. Akaweka jicho kwenye nafasi kati ya matete mawili.

Bibi Nkuba alikuwa amekaa kwenye kigoda, amempa mgongo nusu. Miguuni kulikuwa na beseni la maji. Mkononi alishika kisu, na Ruwaida alikitambua chuma kile kabla hata hajakiangalia vizuri. Kilikuwa kisu chao. Lakini pale palipokuwa na mpini pamekuwa na nywele. Nywele nyeusi, ndefu, zilizolowa, zikining'inia chini mpaka kwenye goti la bibi.

Ulikuwa mkia. Kisu chao kilikuwa na mkia.

Bibi akainama, akanong'ona: "Imo." Akagonga kisu kwenye jiwe kwa upande wa mkia. Ko. Akasubiri. "Ibili." Ko. "Idatu." Ko. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. "Ine." Ko. "Itano."

Halafu akasimama, akafunga kamba, akaingia jikoni kwake na kukitundika darini juu ya jiko. Mlango ulikuwa wazi. Kisu kikazunguka polepole kwenye kamba yake, upande huu, kikasimama, kikarudi upande ule. Na kutoka pale darini, wakati hakuna mtu aliyekigusa, kikalia. Kwiii. Kidogo tu, kama kiti kilichokaliwa.

Ruwaida aliacha nguo kwenye kamba. Alipofika ndani alijifunika kanga ya mama mpaka kichwani, baba akamkuta hivyo.

"Unaumwa?"

"Hapana."

Huko Mbeya aliwahi kumwona mganga sokoni akipunga usinga wa mkia wa ng'ombe. Kwa hiyo alijua mkia ni wa nini. Au alidhani anajua, na mtu akidhani anajua huwa haulizi.

*

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwambia Prisca, msichana waliyekaa naye dawati moja.

"Prisca, ukinicheka nanyamaza."

"Sicheki. Sema."

Akasema. Kisu, maji, nywele, maneno. Prisca alisogea karibu. Akaja mwingine, akaja mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Rujewa, Ruwaida alizungukwa. Nyuso zote zilimtazama yeye, na hata waliokuwa wanakula mihogo waliacha kutafuna.

Alipofika mwisho aliona nyuso zile zinataka kuondoka. Ndipo akasema, "Halafu ule mkia ukacheza."

"Ukacheza vipi?"

"Ukacheza wenyewe. Kama wa ng'ombe anayefukuza nzi."

"Mama yangu," Prisca akanong'ona.

"Na ulikuwa unadondosha damu. Tone, tone. Akataja jina la mama yangu."

Hayo hakuyaona. Mkia haukucheza, kilichodondoka ni maji, na jina la mama halikutajwa. Aliyaongeza jinsi mtu anavyoongeza chumvi, bila kupima. Lakini maneno yalipotoka yalionekana mazuri kuliko yale ya kweli, na siku ile walimpa nafasi katikati.

Jumatano hadithi ilikuwa sokoni. Alhamisi ilirudi kwa Ruwaida ikiwa imenenepa: kisu kinatembea chenyewe, Bibi Nkuba ana visu saba, mkono wa mama yake Ruwaida umekatwa huko Mbeya. Wanawake waliokuwa wakinunua maziwa kwa Bibi Nkuba waliacha. Mtu aling'oa matete ya ua wake upande wa barabarani. Ijumaa jiwe lilitua juu ya bati lake, na sauti yake ilisikika mpaka chumbani kwa Ruwaida.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Jailos, akatangaza mkutano Jumamosi asubuhi, kwenye sakafu ya kuanikia mpunga. Watu walishaamua kabla ya kukutana. Walitaka bibi ahame.

Baba alirudi mapema jioni ile. Alikaa kitandani kwa Ruwaida, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wanasema shahidi ni wewe. Uliona?"

"Niliona."

"Uliona yote wanayosema?"

Ruwaida alitazama miguu yake. "Niliona kisu chetu kwake, baba. Wallahi."

"Hilo sikuuliza," akasema, akatoka.

Ruwaida akaenda nyuma ya nyumba kuchota maji. Upande wa pili wa matete kulikuwa na sauti ya vyombo. Hakutaka kuangalia, akaangalia. Bibi Nkuba alikuwa anafunga masufuria yake kwenye shuka. Begi kuukuu lilikuwa limejaa karibu na mlango. Jikoni palikuwa giza, na humo darini kitu kililia tena, kwiii.

"Nakuona," bibi alisema bila kugeuka. "Hapo hapo ulipokuwa siku ile."

Safari hii Ruwaida hakukimbia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siku ile ungeniita. Ungesema, bibi, unafanya nini, ningekwambia. Sasa umeenda kuwaambia wengine wanaojua kidogo kuliko wewe."

"Kisu chetu, bibi..."

"Kisu chenu kipo. Hakijakauka."

Hakijakauka nini? Akawaza lile doa kwenye jiwe.

Bibi alifunga fundo, akaketi juu ya mzigo wake. Macho yake mekundu yalielekea kwenye matete.

"Kule kwetu kuna mama alihamishwa kwa maneno," alisema. "Hakuna aliyemuuliza kitu. Walichoma nyumba, akatembea mpaka kijiji ambako hawamjui, na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ni mimi. Nikasema mimi nitakwenda mbali sana, mahali pa watu wa kila kabila, hayatanikuta. Haya. Nenda ulale, mama."

Ruwaida hakulala vizuri. Alikuwa anamwogopa Bibi Nkuba kama jana, pengine zaidi. Kisu kilikuwa kimelia, alikisikia kwa masikio yake. Inawezekana kabisa yule bibi ni mchawi. Lakini kila alipofika hapo, wazo lingine lilikuja na kukaa mbele yake: hata kama ni mchawi, mkia haukucheza.

*

Asubuhi sakafu ya mashine ilijaa. Mpunga ulikuwa umesukumwa pembeni, na nyuma kilima cha pumba kilikuwa kinafuka taratibu, moshi ukipita katikati ya miguu ya watu. Bibi Nkuba alikaa mbele, begi pembeni. Hakuna aliyekaa karibu naye. Nafasi ile tupu ilikuwa kubwa kiasi cha kuanika gunia la mpunga.

"Tusipoteze muda," Mzee Jailos alisema. "Mtoto aje, aseme alichoona, tumalize."

Ruwaida alisogea mbele. Prisca alikuwa mstari wa kwanza na mama yake, akimwitikia kwa kichwa kumpa moyo.

"Niliona kisu chetu kwa Bibi Nkuba," Ruwaida alisema. "Kilikuwa kimevaa mkia."

Watu wakaguna.

"Na ule mkia ukacheza," mtu alimsaidia kutoka nyuma.

Ruwaida alimgeukia aliyesema.

"Hapana. Haukucheza."

"Ongea kwa sauti, binti."

"Mkia haukucheza. Niliongeza mimi. Na hakukuwa na damu, yalikuwa maji. Na jina la mama hakulitaja. Hayo matatu ni ya kwangu."

Zikapanda kelele. Mama yake Prisca alisimama. "Kwa hiyo wewe mtoto umetuchezea akili wiki nzima?"

"Ametishwa huyo," mwingine alisema. "Mnaona anavyotetemeka? Ametishwa."

"Sijatishwa," Ruwaida alisema, ingawa alikuwa anatetemeka kweli. "Mkia niliuona. Kisu nilikiona. Na maneno niliyasikia. Lakini haukucheza."

Mzee Jailos aliinua mkono, akangoja watu watulie. Hakuonekana kufurahi. Mambo yalikuwa mepesi dakika moja iliyopita.

"Maneno gani? Yaseme kama ulivyoyasikia. Usiongeze, usipunguze."

Ruwaida alifumba macho ili aipate sauti ile. Akanong'ona kama bibi alivyonong'ona, akiacha nafasi katikati.

"Imo."

Mtu mmoja alirudi nyuma.

"Ibili. Idatu."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake, akamfunika masikio kwa viganja.

"Ine. Itano."

Hapo kicheko kikatoka. Kilitoka upande wa baiskeli, kwa Seni, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akizungusha maziwa mtaani. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akainama mpaka kofia ikadondoka.

"Seni, kuna nini cha kuchekesha?" Mzee Jailos aliuliza kwa ukali.

"Nisamehe, mwenyekiti. Lakini mtoto huyu anahesabu." Seni alijifuta macho. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ni Kisukuma. Mimi nahesabu hivyo kila siku nikipima maziwa, na nyie mnakunywa."

Hakuna aliyecheka naye. Kwanza watu walitazamana. Mama aliyemziba mtoto masikio aliondoa viganja taratibu, akavitazama.

Ruwaida mwenyewe alianza kulinganisha. Ibili, mbili. Idatu, tatu. Maneno yale yalikuwa mbele yake wiki nzima, na hakuwahi kuyasikiliza zaidi ya kuyaogopa.

"Bibi," Mzee Jailos alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "ulikuwa unahesabu nini?"

"Leo ndiyo unaniuliza," Bibi Nkuba alijibu. "Ngojeni."

Aliinuka, akaenda kwake, akarudi. Watu wakampisha mbali zaidi ya walivyompisha mwanzo, maana mkononi alishika kisu, na kweli, kilikuwa na mkia. Akakiweka juu ya begi lake. Kisu kikalia, kwiii, na mstari mzima wa mbele ukaruka.

"Hiyo ni ngozi inakauka," bibi alisema. "Ikikauka inajibana, ikijibana inalia. Mama yake huyu aliniamsha Jumatatu alfajiri, anakwenda Mbeya, mkono kama mkate. Akasema, mama, hiki kisu kitaua mtu, na mimi mtoto wangu ndiye atakayekitumia nisipokuwepo. Nisaidie mpini. Nikamwambia kwetu tunakivalisha mkia wa ndama. Ndama wangu alikuwa amekufa wiki hiyo. Unavua ngozi ya mkia nzima, kama soksi. Unailoweka. Unaingiza mpini ndani, unagonga mpaka ushuke wote. Mimi nagonga mara tano tano, nikizidisha ngozi inapasuka, ndiyo maana nahesabu. Halafu unatundika juu ya moshi. Ikikauka haitoki tena, na ukiwa na mafuta au ute, haikuachii. Hizi nywele zilikuwa za kunyoa leo."

Aliongea kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kumsikia, na alipomaliza alikaa chini kama mtu aliyetua mzigo.

Makame, baba yake Ruwaida, alikuwa ameshatoa simu. Alisogea pembeni, akaongea na mkewe maneno machache, akarudi. "Ni kweli," alisema. "Anauliza kama mpini umekauka. Hajui lolote la huku." Alimgeukia Bibi Nkuba. "Mama, mimi nilijua kisu hakipo, na sikujisumbua kuuliza kiko wapi. Nisamehe."

"Tuone kama kinashikika," Mzee Jailos alisema. Lakini yeye mwenyewe hakunyoosha mkono. Wala mwingine.

Ruwaida akakiokota. Mtu alileta kambale kutoka kwenye ndoo ya muuza samaki. Ruwaida alimshika kwa mikono miwili kwanza, makusudi, mpaka ute ukamfika kwenye vidole vyote. Ngozi ya mpini ilikuwa na mikwaruzo midogo, ngumu, yenye joto la jiko. Alikata kichwa. Alikata mapezi. Alisubiri kile kitu cha kugeuka, kile cha kusikia kinaitwa, na hakikuja. Kisu kilikwenda pale alipokipeleka.

Alikiweka chini, makali yakitazama upande wake, asimpe mtu mkononi.

"Bibi, nisamehe," alisema.

Bibi Nkuba hakujibu haraka. Watu walitaka ajibu haraka ili waende nyumbani. Yeye alichukua muda wake.

"Nisikilize, na nyie watoto wengine sikilizeni," alisema hatimaye. "Kuogopa si kosa. Ukiona kisu kina nywele, ogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini ukiogopa, uliza. Na ukisimulia, simulia ulichoona, uishie hapo. Kisu kile kiliteleza kidogo, kikakata kiganja cha mtu mmoja. Neno lako liliteleza kidogo, mimi nikafunga masufuria. Umelishika leo, tena mbele ya watu, na hilo si dogo, wakubwa wengi hawawezi. Lakini waliolisikia kwako si hawa tu. Utanipitisha nyumba kwa nyumba. Utasema mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

"Mwenyekiti, na aliyetupa jiwe kwenye bati langu naye ataziba tundu."

"Atatafutwa, mama," Mzee Jailos alisema, akitazama sakafu.

Walianza mchana huo huo, bibi na mjukuu wa kuazima. Seni alibeba begi na masufuria kuyarudisha ndani. Kwa mama yake Prisca mlango ulifunguliwa nusu, Prisca akiwa nyuma yake, amenuna. Ruwaida alisema yote. Mlango ukafungwa, lakini si kwa nguvu. Nyumba nyingine waliwapa viti. Nyumba nyingine walijidai hawajawahi kusikia habari hiyo, ingawa watoto wao walikuwa wamejificha nyuma ya pazia.

Kufika nyumba ya mwisho jua lilikuwa linazama, na ule moshi wa pumba umeanza kushuka. Pale aliishi mzee mmoja, Benjamini, asiyetoka nje sana kwa sababu ya miguu. Alikuwa amesubiri hadithi ile wiki nzima. Alimkalisha Ruwaida mbele yake, akasogeza sikio.

Ruwaida akasimulia. Kisu, beseni, nywele zilizolowa, sauti ya kuhesabu kwenye ukungu. Alisimulia vizuri, maana alijua kusimulia, na mzee alishika fimbo yake kwa nguvu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkia haukucheza," Mzee Benjamini alisema. Sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo.

"Haukucheza, babu."

"Hata kidogo?"

Ruwaida alimtazama Bibi Nkuba, aliyesimama mlangoni, nusu mtu na nusu moshi. Bibi alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwambie ulicheza kidogo," bibi alisema. "Mzee wa watu amengoja sana."

"Haukucheza," Ruwaida alisema. "Hata kidogo."